Mama Ameikata Kazi Yangu kwa Mkasi wa Nyuzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usiniweke kwenye foleni, maana Ijumaa natakiwa kutoa jibu chuoni na hapa nilipo nina hasira kiasi kwamba penseli tatu zimeshavunjika mkononi, na kila ninayemweleza ananiambia nikamwombe mama msamaha wakati aliyeharibiwa kitu ni mimi.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa mwisho. Mama yangu ni fundi cherehani, ana duka la chumba kimoja lenye dirisha linalotazama barabara, ameshona humo tangu sijazaliwa na amenisomesha kwa mashine hiyohiyo, hilo silikatai. Mwaka jana mhadhiri wetu alitupiga marufuku kununua rangi. Alisema, "Rangi za dukani kila mtu anazo. Nendeni kwenu mkatafute vitu ambavyo mwenzako hana, mvichanganye mpaka vigombane." Wenzangu wakaja na makopo, nyaya, nywele zilizofagiwa saluni, mmoja akaja na mlango mzima akiwa amejitwisha kichwani. Mimi nikafikiria karatasi za vipimo za mama.

Ngoja nikueleze maana wengi hawazijui. Mteja wa kudumu mama hampimi kila anapokuja. Anampima mara moja, anauchora mwili wake kwenye karatasi ya kaki, mbele, nyuma na mkono, anaikata, na siku nyingine mteja akileta kitambaa mama anaitandaza ile karatasi juu yake anakata moja kwa moja. Kila karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino jina la kumkumbukia mwenyewe na mambo ya kuangalia. "Nesi wa Zamu, bega la kulia limeshuka vidole viwili." "Mama Pacha, tumbo limerudi, usimwambie." "Karani, mgongo umeinuka, ongeza nyuma, asijue." Zinaning'inia kwa vibanio kwenye waya uliopita ukuta wa nyuma, maandishi yakitazama ukuta, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kukimbia kuzigeuza kama mama amesahau na mteja anabisha hodi.

Ruhusa niliomba, na hilo nataka ulielewe vizuri kwa sababu sasa hivi kwa watu naitwa mwizi. Nilisimama mlangoni nikasema, "Mama, naomba karatasi zako za zamani za kukatia, ni za kazi ya chuo," naye mguu uko kwenye mashine, pini ziko mdomoni, akasema, "Chukua zile za kwenye boksi." Kwenye boksi kulikuwa na za sare za watoto tu, zote sawasawa, hazina neno, ukizitazama huoni mtu. Basi nikachukua kumi na moja kutoka kwenye waya, za watu ambao niliona hawajaja siku nyingi, nikajua hatazihitaji. Baadaye alipoitafuta ya Nesi wa Zamu akadhani ameipoteza mwenyewe, akaanza kujilaumu kwamba anazeeka, nikaona nikisema wakati ule nitaharibu mshangao wote, nikanyamaza.

Miezi minane, mshauri. Nilizilowesha kwenye chai ya rangi, nikalaza misumari ya kutu juu yake siku tatu tatu mpaka kutu ikahamia kwenye karatasi, nilijaribu gundi ya unga ikaachia, nikajaribu ya viatu ikatoboa, nikaishia kwenye gundi ya mbao, nikazibandika zote kwenye kanvasi moja ya mita tatu. Mara ya kwanza nilitangulia kupaka nta ya mshumaa kabla ya chai, chai ikateleza yote ikamwagika sakafuni, nikarudia upya kwa karatasi tupu mpaka nikajua mpangilio, chai kwanza, kutu pili, gundi tatu, nta mwisho. Mistari ya kalamu ya mama nikaishonea waya mwembamba wa shaba. Vidole vyangu bado vina matundu. Maandishi nikayaacha yatazame mbele kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na nguvu, na mhadhiri alipoyasoma alirudia kuyasoma tangu mwanzo halafu akasema, "Hapa una kitu."

Siku ya maonyesho mama alitoka kazini akaja moja kwa moja, amevaa gauni lake la bluu la mikono mirefu, mkoba begani, na mhadhiri akampa mkono akamwambia, "Mama, binti yako amekutengenezea kumbukumbu." Sasa wakati huohuo kuna shule ya wasichana ilikuwa imeleta wanafunzi ukumbini, sikuipangia mimi, na mwalimu mkuu wao ni mteja wa mama, na karatasi yake ilikuwa ya nne kutoka kushoto. Imeandikwa, "Mwalimu Mkuu, kushoto hakuna kitu tangu hospitali, shona mfuko ndani, jaza sponji." Wasichana wakaisoma kwa sauti wakacheka, nadhani mwanzoni hawakujua, mpaka mmoja akageuka akalitazama koti la mwalimu. Mwalimu akafunga kifungo, akasema, "Pangeni mstari, tunaondoka," wakaondoka.

Ndipo mama akafungua mkoba akatoa mkasi akaanza kukata kazi yangu. Nikamwambia, "Mama, unafanya nini?" Akasema, "Sogea." Nikamwambia, "Mama, huu ni mtihani!" Akasema, "Sogea, mwanangu, nisije nikakukata na wewe." Mkasi wenyewe ni ule mdogo wa nyuzi, hauzidi kidole, na kanvasi ni ngumu, gundi imekauka kama ubao, kwa hiyo alitumia karibu robo saa akifuata ukingo wa karatasi kona kwa kona, kwapa, kiuno, pindo, huku ukumbi mzima umesimama na simu zimenyanyuliwa, mlinzi anamuuliza mhadhiri afanye nini na mhadhiri anasema, "Mwache, mwache." Alipomaliza nilidhani atakichanachana kile kipande lakini hata kukikunja hakukikunja, alikilaza juu ya mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia, akatoka nacho mlangoni kwa miguu bila kunitazama.

Sasa kwenye kazi yangu kuna tundu lenye umbo la mwanamke. Nililia mbele ya watu. Nilitaka kuishusha, mhadhiri akanikamata mkono, "Usiiguse! Sasa ndiyo imekamilika." Anataka niiwasilishe hivyohivyo na tundu lake, na pembeni tuweke skrini inayoonyesha video ya mama akikata, na mtahini kutoka nje ameshaikubali kwa mdomo, anasema itafika mbali. Mwenzangu wa chumba ananiambia, "Dada, tundu lako litakuwa maarufu kuliko wewe." Nikikataa napewa wiki tatu nilete kazi nyingine, na nisipoleta narudia mwaka.

Nyumbani mama hasemi na mimi. Karatasi zote ameziteremsha amezifungia kwenye sanduku, waya umebaki na vibanio vitupu. Akiwa na neno anampa mama mdogo, na mama mdogo naye anakuja kusimama mbele yangu, "Mama yako anasema yule msanii aambiwe chai iko jikoni." Mwalimu mkuu nilimwandikia ujumbe kwenye simu nikamweleza kwamba kazi ile inaheshimu miili ya wanawake kama ilivyo, bila kuificha, ameusoma na hajajibu.

Naomba uniambie, je, nimkubalie mhadhiri? Na nifanye nini ili mama atambue kwamba alichokata ni miezi minane ya maisha yangu, na yeye pia aniombe msamaha?

Ni mimi,
Niliyekatwa

JIBU LA MSHAURI

Hukukatwa wewe. Tuanzie hapo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kwanza nikupe haki yako. Unajua kazi. Mtu anayegundua kwa kumwaga chai sakafuni kwamba nta ikitangulia hakuna kinachopenya, akarudia upya mpaka mpangilio ukamkaa mkononi, huyo si mvivu wala si mbabaishaji. Kulia mbele ya ukumbi kwa ajili ya miezi minane hakuna aibu. Ningekuwa mimi ningelia.

Nimemaliza kukusifu.

Niliandika habari kwa miaka mingi kabla ya kupewa safu hii, na kazi ile ilinifundisha kutazama mahali ambapo msemaji anaharakisha. Wewe umeharakisha mara tatu. Mama alikuruhusu za kwenye boksi. Ulichukua za kwenye waya, kisha ukaniandikia kwamba ruhusa uliomba. Mama alipojilaumu kwamba kumbukumbu zinamtoka, ulikuwa umesimama hapo, unajua karatasi iko wapi, ukamwacha aamini anazeeka ili mshangao wako usiharibike. Soma tena sentensi hiyo uliyoiandika mwenyewe, halafu niambie ungemwitaje mtu aliyemfanyia mama yako hivyo.

La tatu ndilo lililonipandisha hasira. Ulikuwa mtoto, na kazi yako katika duka lile ilikuwa kuzigeuza karatasi zile zitazame ukuta mteja akibisha hodi. Kwa hiyo usiniambie kwamba hukujua. Mhadhiri wako hakujua. Mtahini hakujua. Katika ukumbi ule ni wewe na mama yako tu mliojua kwa nini maandishi yale hutazama ukuta, na wewe ndiye uliyeyageuza, ukayapaka nta yang'ae.

Maandishi yalikuwa na nguvu, unasema. Bila shaka. Siri ya mtu ikianikwa huwa na nguvu, haihitaji hata kutu. Unafikiri nguvu ile ulitengeneza wewe?

Sasa tuje kwenye mkasi, maana hapo nilikuwa sielewi, na nisipoelewa huuliza. Nilimpigia simu fundi anayenishonea mimi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nikamsimulia kwa ufupi jinsi karatasi zilivyoloweshwa chai na kugandishwa kwa gundi, na yaliyotokea ukumbini, bila kumtaja mtu. Hakushtuka. Aliniuliza swali moja tu: "Alikata kwa kufuata ukingo wa karatasi, au alikata ovyo?"

Nikamwambia, kwa kufuata ukingo, kona kwa kona, robo saa.

"Na alipotoka alikikunja?"

Nikamwambia hapana, alikilaza juu ya mikono.

"Basi huyo hakuwa anaharibu," akasema. "Alikuwa anaiokoa karatasi yake. Ukiipata nzima, hata kama imeganda, unailaza juu ya karatasi mpya unaichora upya. Ikilowa chai itakuwa imenywea kidogo, nusu sentimita hivi, anajua kuiongeza. Asipoipata, itabidi yule mama akapimwe tena."

Nikamuuliza kupimwa tena kuna shida gani. Akasema, "Ndugu yangu, wewe ni mwanaume. Mtu ametoka hospitali kukatwa ziwa, akavua nguo mbele ya fundi mmoja, mara moja, amesimama nyuma ya pazia na futi ya kupimia inapita hapo. Karatasi ile ndiyo inayomfanya asivue tena."

Umeelewa sasa? Mama yako alikuwa na sekunde chache za kuamua. Angeweza kuishika kanvasi nzima akaipasua katikati, na mtu mwenye hasira za kawaida angefanya hivyo. Yeye alikata moja kati ya kumi na moja, kwa mkasi usiozidi kidole, mbele ya simu za watu wasio na adabu, bila kuzigusa kumi zilizobaki. Wewe uliona mtihani wako unaharibiwa. Yeye alikuwa kazini.

Mhadhiri wako naye ana lake. Mtu mzima anamwona mwanamke anayehangaika kukata kitambaa kigumu, anaulizwa na mlinzi afanye nini, naye anasema mwache, kwa sababu inapendeza kutazama. Sasa anataka skrini. Anataka kuchukua aibu ya mwalimu na uchungu wa mama yako, aviweke ukutani pamoja na wewe, na jina lake liwe chini kama msimamizi. Hutaki kusikia hivyo, najua. Ndiye aliyekwambia una kitu. Nakubaliana naye, unacho. Kiko mikononi mwako, wala hakiko katika tundu lile.

Ulichouliza nakijibu hivi: usimkubalie. Usisubiri Ijumaa. Mwambie kesho, kwa maandishi, mistari miwili, usijieleze. Akikuuliza sababu, mwambie vifaa havikuwa vyako. Hiyo ni sababu inayoeleweka hata kwenye kikao cha chuo.

Kesho hiyohiyo shusha kazi kwa mkono wako. Ifunike kabla hujaitoa nje. Video nazo, unawajua waliozipiga, ni wanafunzi wenzako. Nenda kwa mmoja mmoja, kaa pembeni yake mpaka aifute ukiiona. Hutazimaliza zote. Zitakazobaki utaishi nazo, na mwalimu ataishi nazo zaidi yako.

Karatasi kumi zilizobaki usijaribu kuzibandua. Ulitumia gundi ya mbao, ukivuta utachana. Na usijaribu kuwa mwerevu kwa mvuke au dawa, umeshafanya majaribio ya kutosha juu ya mali ya watu. Nesi, Karani na Mama Pacha nao wana fundi wao, yeye ndiye atakayejua kipi kikatwe na nani aambiwe.

Kwa mwalimu mkuu, acha. Usiende ofisini kwake, usimpelekee zawadi, usimwandikie tena kwamba kazi yako inauheshimu mwili wake. Ulimwandikia mtu uliyemvua nguo mbele ya wanafunzi wake ukamweleza kwamba alipaswa kufurahi. Ukimfuata tena atalazimika kukubembeleza wewe, na ana mambo mengine ya kufanya, kama kuingia darasani kila asubuhi. Siku mama yako akikwambia kwamba mwalimu yuko tayari kusikia neno kutoka kwako, utasema "nilikosea, nisamehe," halafu utafunga mdomo.

Wiki tatu zinakutosha. Mpangilio unaujua: chai, kutu, gundi, nta. Karatasi ya kaki inauzwa. Ukihitaji mwili, unao wa kwako, jipime. Ukihitaji maandishi, andika juu yako mwenyewe, kwa wino, lile ambalo hungependa wasichana wa shule walisome kwa sauti. Ukiweza kulitundika, litundike. Ukiona mkono unasita, pima kwanza uliwachukulia wateja wa mama yako nini. Na kama hutaki kabisa, tumia zile za kwenye boksi. Ulizidharau kwa sababu hazina mtu ndani yake. Msanii wa mwaka wa mwisho anapaswa kuweza kumtia mtu kwenye karatasi tupu bila kumwiba kwenye waya.

Kuhusu mama yako kukuomba msamaha, hapana.

Fanya hivi. Fika dukani asubuhi kabla hajafungua, ubebe kanvasi mgongoni, usimpe mtu akusaidie. Iegemeze ukuta wa nyuma, chini ya ule waya, maandishi yatazame ukuta. Mwambie, "Mama, karatasi ya Nesi hukuipoteza wewe. Niliichukua mimi." Anza na hiyo, kabla ya mwalimu, kabla ya mkasi, kwa sababu hilo la kumwacha aamini anazeeka ulimfanyia yeye peke yake. Usiongeze neno. Akikufukuza, toka, rudi kesho yake saa ileile. Akinyamaza, kaa. Akifungua sanduku akaanza kuzitundika, msaidie kwa vibanio.

Na mteja akibisha hodi, kazi yako unaijua.